Resho ya gia kwenye lori la jeshi linalotembea lami: anza na kilima

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila nikikutana na mtu aliyejipatia lori lililostaafu jeshini, swali lake la kwanza huwa lile lile: nifanyeje likimbie? Nami nilianzia hapo hapo. Langu ni M35A2, lile la Wamarekani lenye ekseli tatu zote zinazovuta, na kazi yake kwangu ni lami tupu, safari ndefu, mzigo wa kawaida. Ukitembea nalo saa mbili mfululizo masikio yanavuma hata baada ya kuzima injini. Nimeshinda na kalamu na karatasi muda mrefu juu ya jambo hili, nimebadilisha matairi, nimerudisha, nimebadilisha tena. Naweka hapa niliyoyapata ili mwenzangu asianze sifuri.

Kwanza tuelewe kwa nini haya magari yako hivi. Jeshi halikuagiza lori la kukimbia. Liliagiza lori litakalobeba mzigo wake likiwa ndani ya tope, lianze kupanda mteremko mkali bila kuunguza klachi, na liendeshwe na mtu aliyejifunza majuzi tu. Ndiyo maana difu zake, yale masanduku ya gia yaliyo katikati ya ekseli, zimewekwa resho ya 6.72. Yaani propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli, inazunguka mara 6.72 ndipo tairi lizunguke mara moja. Magari mengi ya lami yana namba ndogo sana kuliko hiyo.

Tuchukue gari langu kama mfano. Injini ni LDT465, lita 7.8, yenye turbo, nguvu farasi kama 134, na gavana, kile kifaa kinachoizuia injini isizidi, inaikata kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika. Giaboksi ni ya gia tano: ya nne ni 1:1, ya tano ni ovadraivu, yaani shafti inatoka ikizunguka haraka kuliko injini, ya karibu 0.79. Transfa, lile sanduku linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma, ikiwa kwenye gia yake ya juu ni 1:1. Kwa hiyo kwenye gia ya tano resho nzima, kutoka injini hadi tairi, ni 0.79 × 1 × 6.72, inakuja 5.31. Hiyo 5.31 iandike ukutani. Ndiyo namba inayotawala safari yako yote, na si ile iliyogongwa kwenye kibao cha difu peke yake.

Sasa fomula:

Mwendo (km/h) = mizunguko ya injini × mzingo wa tairi (mita) × 0.06 ÷ resho nzima

Mzingo wa tairi usiuchukue kwenye karatasi ya muuzaji. Upime mwenyewe gari likiwa na mzigo wake na upepo wake wa siku zote. Mimi nilichora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi la mbele, chini kabisa pale linapogusa sakafu, nikachora mwingine sakafuni. Mwenzangu akaliendesha gari pole pole kwa gia ya chini kabisa, mimi natembea kando nimeinama, hadi mstari ukarudi chini mara kumi. Nikapima kwa futi ya kamba, nikagawanya kwa kumi. Nilipata mita 3.10. Ukikokotoa kwa kipenyo cha tairi la 9.00-20 kilichoandikwa unapata karibu 3.20. Tofauti hiyo inatokana na tairi kubonyea chini ya uzito, na inatosha kukuharibia hesabu.

Weka namba zote: kwa km 80 kwa saa kwenye gia ya tano injini yangu inazunguka karibu 2,280. Ukomo wake ni 2,600. Maana yake nasafiri siku nzima nikiwa nimebakiza pumzi kidogo tu, na ukomo wa gavana unanifikia kwenye km 91 hivi. Injini hizi ukizizidishia mizunguko, konrodi, zile fimbo zinazoshika pistoni, ndizo hulipa, na konrodi ikitoka ubavuni mwa bloku hakuna mazungumzo tena.

Kwa hiyo kila mtu anakimbilia kushusha resho. Hapo ndipo naomba tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo mimi nililielewa kwa kuchelewa: gia haitengenezi nguvu. Inapanga tu injini izunguke wapi wakati inatoa ile nguvu iliyo nayo.

Piga hesabu ya nguvu inayohitajika. Lori la tani 8 pamoja na mzigo, uso wake unaokata upepo ni kama mita 6 za mraba, turubai nyuma, umbo la sanduku. Kwa makadirio yangu, tambarare bila upepo, km 80 kwa saa inataka nguvu farasi kama 90 pale kwenye injini, ukishahesabu zinazopotea kwenye gia na difu. Km 90 inataka karibu 117. Km 100 inataka kama 150. Injini ina 134. Hata ukiweka resho ya ndoto, km 100 haipo kwenye gari hili. Upepo ndio unaokataa, maana nguvu ya kuupasua inapanda haraka mno kadiri mwendo unavyoongezeka.

Kwa hiyo swali "nipate kasi gani ya juu" halifai kuanza nalo. Anza na hili: kwenye kilima chako cha kawaida, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, injini itakuwa kwenye mizunguko mingapi, na kwenye gia ipi? Ukishalijibu, tambarare itajipanga yenyewe.

Karibuni.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, uzi mzuri. Ila mbona unazunguka sana? Funga matairi makubwa, umemaliza. Huhitaji kufungua difu, huhitaji fundi wa giaboksi. Watu wengi wanaweka 395/85R20 au hata 14.00R20 na wanatembea. Kuna ubaya gani?

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa #2, nashukuru umelileta mapema, kwa sababu hiyo ndiyo njia niliyoipita mwenyewe. Nilifunga 395/85R20. Ni njia halali, lakini ina gharama ambazo hazionekani siku ya kwanza.

Hesabu kwanza. 395/85R20 ina kipenyo cha karibu mita 1.18, na ikishabonyea mzingo wake unakuja kama 3.59. Kwa km 80 gia ya tano, injini inashuka hadi 1,970 hivi. 14.00R20 inashusha zaidi, hadi 1,860. Siku ya kwanza nilifurahi sana. Gari likatulia, nikasikia hata sauti ya upepo kwenye kioo, kitu ambacho sikuwahi kukisikia.

Siku ya tatu nikakutana na mwinuko mrefu, si mkali, asilimia 4 tu, ule ambao ukiwa kwenye gari dogo huujui kama ni mwinuko. Nilikuwa na mzigo. Gia ya tano ikakata tamaa mapema, nikarudi ya nne. Kwenye km 50 kwa saa gia ya nne, kwa matairi ya zamani, injini ingekuwa kwenye mizunguko 1,800, na hapo inatoa nguvu farasi kama 100, ambazo ndizo hasa kilima hicho kinazidai kwa mwendo huo. Kwa matairi makubwa, km 50 gia ya nne ni mizunguko 1,560. Hapo nguvu zilizopo ni kama 90. Zile kumi zinazopungua zinatosha gari lianze kuishiwa. Mguu uko chini kabisa, moshi mweusi unatoka, na mshale wa kipimo cha joto la moshi unapanda taratibu bila kusimama. Hapo ndipo injini ya dizeli yenye turbo inapoumia: mafuta mengi, mizunguko michache, hewa haitoshi.

Nikarudi gia ya tatu. Tuseme ya tatu ni 1.7. Kwa matairi hayo, mizunguko 2,600 kwenye gia ya tatu ni km 49 kwa saa. Kwa hiyo nikapanda kilima kizima kwa km 47, 48, injini ikiwa imebanwa kwenye gavana. Kilima kilichukua kama dakika ishirini. Nilikuwa nimenunua ukimya tambarare, nikaulipa kwa kelele kubwa zaidi kilimani.

Hiyo ndiyo tabia ya matairi: yanasogeza gia zote kwa pamoja, kiasi kile kile. Nafasi kati ya gia na gia haibadiliki. Kama giaboksi yako ina pengo kubwa kati ya ya tatu na ya nne, tairi kubwa halizibi lile pengo. Linalihamisha tu, liangukie kwenye mwendo mwingine. Na ukiwa na bahati mbaya linaangukia pale pale kwenye mwendo wa kilima chako.

Kuanza kuondoka hakukunisumbua kabisa, hilo niliseme. Watu wanaogopa sana gia ya kwanza itakuwa ndefu mno, yaani ya mwendo mkubwa na nguvu kidogo ya kuanzia, lakini haya magari yana transfa ya chini yenye punguzo la karibu mara mbili. Ukikwama popote unashusha transfa na gari linatambaa. Panapouma ni katikati, gia ya tatu na ya nne, huko ndiko lori la lami linakoishi.

Gharama nyingine ni hizi, na breki ndiyo ninayotaka uisome mara mbili. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 16, dramu ile ile inashika gurudumu refu zaidi, na nguvu ya breki pale tairi linapogusa barabara inapungua kama asilimia 14. Wakati huo huo umeongeza mwendo. M35A2 ina breki za haidroliki zinazosaidiwa na hewa, masta silinda moja, njia moja. Bomba moja likipasuka, kanyagio linashuka hadi sakafuni na huna kitu. Mtu asiguse resho ya gari hili kabla hajabadilisha mabomba yote ya mpira, hajakagua silinda za magurudumu, na hajajua hali ya dramu zake.

Spidomita nayo itakudanganya. Inasoma mzunguko kutoka kwenye transfa, haijui umebadilisha tairi. Ikisema 80 wewe uko karibu 93.

Nyuma utalazimika kuvua tairi mbili mbili na kubaki na moja moja, kwa sababu mapana hayatoshei yakikaa pacha. Sasa angalia kila tairi linaruhusiwa kubeba uzito gani, na ujumlishe upya. Usukani unakuwa mzito, na gari linakuwa refu kwenda juu, kitu ambacho kwenye kona utakihisi.

#4 – Mchangiaji mwenye ZIL-131

Naomba niongeze upande wa Warusi, maana mleta uzi amekaa upande mmoja tu.

ZIL-131 difu zake ni 7.339, injini ya petroli V8 ya lita 6, nguvu farasi 150 kwenye mizunguko 3,200. GAZ-66 ni 6.83, V8 ya lita 4.25, nguvu farasi 115, nayo 3,200. Mkiangalia namba za difu tu mtasema ZIL ni ya polepole kuliko M35. Lakini injini ya petroli inakwenda hadi 3,200, ile dizeli inaishia 2,600. Resho bila kujua injini inaishia wapi ni namba tupu.

Wengi wanaomiliki ZIL wanang'oa ile petroli kwa sababu ya kiu yake na kuweka dizeli. Vizuri, matumizi yanashuka. Halafu wanalalamika gari limekuwa jinga, halizidi km 65. Bila shaka halizidi! Umetoa injini ya 3,200 ukaweka ya 2,600, difu zimebaki zile zile. Umepoteza karibu moja ya tano ya mwendo wako kabla hata hujawasha.

Kiwanda cha Ural kilipita hapo hapo. Ural-375D ilikuwa na petroli ya nguvu farasi 180 kwenye 3,200, difu za 8.9. Walipokuja na Ural-4320 na dizeli ya KamAZ-740, nguvu farasi 210 kwenye 2,600, walishusha difu hadi 7.32. Gawanyeni 3,200 kwa 2,600, mnapata 1.23. Gawanyeni 8.9 kwa 7.32, mnapata 1.22. Giaboksi na transfa nazo walizigusa, lakini tazameni difu zilivyoifuata injini. Ukibadili injini na usibadili resho, kazi umeifanya nusu.

#5 – Mleta uzi

Mkuu wa #4, hapo kwenye Ural umenipa kitu nitakachokitumia siku zote. Sijawahi kuona mfano ulionyooka namna hiyo.

Niongeze kidogo juu ya "namba tupu". Kabla mtu hajaanza kulinganisha, azidishe kila kitu kilichoko njiani: giaboksi, transfa, difu, na gia za kwenye gurudumu kama zipo. Humvee ukisikia difu ya 2.73 utadhani ni gari la mbio. Lakini kila gurudumu lina sanduku lake la gia lenye 1.92, na ukizidisha unapata 5.24. Unimog nayo ina gia pale kwenye gurudumu, ndizo zinazoinua ekseli juu ya kitovu cha tairi. Na usidhani transfa ya juu ni 1:1 kwenye kila lori. Yapo ambayo hata kwenye juu yanapunguza. Kama huna kitabu cha gari, inua magurudumu, weka alama kwenye puli ya mbele ya injini na kwenye tairi, zungusha kwa mkono, hesabu. Nusu saa unakuwa umepata ukweli wa gari lako, si wa gari la mtu mwingine.

Kwenye kuzungusha huko kuna mtego: ukiinua tairi moja tu la ekseli, difu inaligawa, na tairi hilo linazunguka mara mbili ya inavyotakiwa. Inua yote mawili na uhakikishe yanazunguka sawa.

#6 – Mchangiaji

Mimi niko kwenye hatua ya kuchagua kati ya mawili. Fundi mmoja anasema niongeze giaboksi ndogo ya ovadraivu nyuma ya ile kubwa. Mwingine anasema nibadilishe krauni na pinyoni, zile gia mbili zinazoumana ndani ya difu. Bei tuziache pembeni. Kiufundi ipi bora?

#7 – Mleta uzi

Mkuu wa #6, kwa lami tupu, kama resho nyingine inapatikana kwa ekseli zako, ningekwenda kwenye krauni na pinyoni. Nieleze kwa nini, maana watu wengi wanaangalia injini tu na kusahau kilicho chini ya bodi.

Ovadraivu inaipumzisha injini peke yake. Propela shafti haijapumzika hata kidogo. Kwa km 80, na difu ya 6.72 na tairi langu la zamani, propela inazunguka karibu mara 2,890 kwa dakika, na hiyo haijali injini iko kwenye 2,600 au 1,800. Pinyoni nayo inazunguka hivyo hivyo, na oili ya difu inachemka vile vile. Ukiongeza ovadraivu juu ya ovadraivu ili ukimbie zaidi, injini itatulia na wewe utadhani gari limetulia, kumbe propela inaelekea 3,300. Shafti ndefu ina mwendo wake wa kuanza kupinda na kutikisika. Krosi zilizochoka, vile viungo vya mwishoni mwa shafti, zinaanza kusema. Kama uliinua gari ili matairi makubwa yaingie, pembe za krosi nazo zimeongezeka, na ndipo unapoona mtu kabadilisha krosi mara tatu bila kujua chanzo.

Ukishusha resho ya difu, kila kitu cha juu yake kinapungua kwa pamoja: propela, transfa, giaboksi, injini. Ndiyo dawa kamili.

Mfano mzuri ni M37, ile Dodge ndogo ya jeshi. Imetoka na difu za 5.83, injini ya silinda sita ya nguvu farasi 78, giaboksi ya gia nne ambayo ya nne ni 1:1. Kwa tairi la 9.00-16, km 80 inataka mizunguko 2,830 hivi. Wenye nazo huweka krauni na pinyoni za 4.89, zile zilizokuwepo kwenye Power Wagon ya kiraia, na mizunguko inashuka hadi kama 2,370. Ni tofauti ya asilimia 16, na breki hazijaguswa, urefu wa gari haujaguswa. Lakini na hapo kilima kinabaki pale pale. Injini ya nguvu farasi 78 ukiipa resho ndefu, mlimani utaishi gia ya tatu. Anayetembea milimani na mzigo kila siku, 5.83 inamfaa zaidi, na hapo ni heri aendeshe km 65 kwa amani.

Ubaya wa njia ya difu ni kwamba lazima ubadilishe ekseli zote. Lori la ekseli tatu ni krauni tatu, pinyoni tatu, na kila moja inapangwa kwa uvumilivu: mguso wa meno unaangaliwa kwa rangi, nafasi kati ya meno inapimwa, mzigo wa beringi unapimwa. Fundi anayepanga kwa kusikiliza kwa sikio tu asikuguse. Ukiacha ekseli ya mbele na resho ya zamani kwa sababu "huwa siitumii", siku utakayoiingiza kwenye ardhi ngumu transfa itavutwa pande mbili na kitu kitakatika.

Na kwa M35 yenyewe mlango huo ni mwembamba. Ekseli zake ni za kupunguza mara mbili, jozi mbili za gia ndani ya kichwa kimoja, na jeshi liliziweka 6.72 zote. Ndiyo maana wengi wetu tunarudi kwenye matairi.

Ovadraivu ya ziada ina nafasi yake pia, sikatai. Sifa yake ni kwamba unaiingiza na kuitoa. Kama hatua yake ni ndogo, inagawa pengo kati ya gia na gia, na mlimani inakupa gia ya "tatu na nusu" ambayo hukuwa nayo. Mtu mwenye kilima kirefu njiani kila wiki angefaidika nayo kuliko mwenye tambarare. Ila asiitumie kukimbia.

#8 – Mchangiaji

Jambo dogo kwa wenye M35 za transfa ya zamani, ile inayoingiza ekseli ya mbele yenyewe. Inategemea tofauti ndogo ya mzunguko kati ya mbele na nyuma: magurudumu ya nyuma yakiteleza, ya mbele yanashikwa. Ukifunga matairi ya mbele makubwa kuliko ya nyuma, propela ya mbele inazunguka polepole kuliko inavyotarajiwa na mashine inaweza kushika ekseli ya mbele ukiwa kwenye lami kavu. Hata matairi ya saizi moja, mapya mbele na yaliyokwisha nyuma, nisingeyachanganya. Ile chaki ya mleta uzi ipitishwe kwenye matairi yote, si moja.

#9 – Mchangiaji

Mleta uzi, hujatuambia mwisho umefunga nini. Na kushuka je? Kila mtu anaongelea kupanda.

#10 – Mleta uzi

Mkuu wa #8, asante, hilo nimelipima. Mengine yalitofautiana kwa sentimita tatu kwenye mzingo, na nilikuwa sijui.

Mkuu wa #9, nianze na kushuka, kwa sababu huko ndiko resho ndefu inakonipa hofu kuliko kupanda. Gavana inakata mafuta tu. Haina uwezo wa kuzuia lori linalosukumwa na tani zake mteremkoni. Ukiingia gia ya chini ukiwa na mwendo mkubwa, magurudumu yataizungusha injini kupita 2,600 na hakuna kitakachoizuia. Na ukibaki gia ya juu ukiwa na matairi makubwa, injini inashika kidogo kuliko ulivyozoea, breki zinabeba zaidi, dramu zinapata moto, na moto ukizidi kanyagio linakuwa gumu na gari halisimami. Kwa hiyo napunguza kwanza juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Naingia gia ile ile niliyopandia, au moja chini yake, nakaa humo hadi chini. Kwa matairi ya 395 gia ile ya zamani ilikuwa haitoshi tena, nililazimika kuanza mteremko polepole zaidi kuliko mwanzo. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya niyavue.

Nimefunga 11.00R20, moja moja nyuma. Mzingo nimeupima kwa chaki: mita 3.31. Kwa km 80 gia ya tano injini iko 2,140. Kwa km 75, ambao ndio mwendo wangu wa kweli, iko 2,000 kamili kwa kukaribia. Breki zimepungua nguvu asilimia 6 tu, na kwa kuwa nilishabadilisha mabomba na silinda zote, gari linasimama vizuri kuliko nilivyolikuta. Spidomita inapotoka kidogo, nimebandika karatasi yenye namba za kweli pembeni yake.

Nilirudi kwenye kile kilima cha asilimia 4, mzigo ule ule. Tano ilishika hadi chini ya mwinuko, nikaingia nne mapema nikiwa bado na km 65, nikaacha gari lichague mwendo wake. Lilishuka taratibu hadi km 48 likatulia hapo, injini ikiwa 1,620. Mshale wa joto la moshi ulipanda, ukakaribia pale ninapojiwekea ukomo, ukasimama. Nilipunguza mguu kidogo tu ukarudi nyuma, na mwendo haukushuka zaidi ya km mbili. Juu kabisa nikarudisha tano. Gia ya tatu sikuigusa kilima kizima.